Hesabu za uuguzi, hatua kwa hatua: kwa wanafunzi wa ITM na ISTM Bukavu

Mwanafunzi anayeanza ITM (shule ya sekondari ya tiba) au ISTM (chuo cha juu cha tiba) hapa Bukavu huogopa anatomia, huogopa majina ya dawa, huogopa maiti ya kwanza atakayoiona. Hesabu haimtishi, kwa sababu anadhani aliiacha nyuma shuleni. Kisha anapelekwa staji, iwe hospitali ya Panzi, iwe kituo kidogo cha afya kule Kadutu au Bagira, na saa tisa usiku anapewa fishi yenye uzito wa mtoto, dozi ya miligramu kwa kilo, na kichupa ambacho maandishi yake yanasema jambo jingine kabisa. Umeme umekatika, mama wa mtoto amesimama pembeni anamtazama mikono. Saa ile hesabu ya darasa la sita inakuwa ngumu.

Mdogo wangu, kazi hii haidai hesabu za juu. Inadai kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, sehemu, desimali, asilimia na kanuni ya tatu (règle de trois), basi. Lakini inazidai bila kosa, na kila siku. Darasani ukipata 16 kwa 20 unapongezwa. Wodini zile 4 zilizobaki ni wagonjwa. Kwa hiyo lengo la mwongozo huu ni kukupa mpangilio mmoja wa kufanya hesabu, uufuate vilevile ukiwa umelala vizuri na ukiwa umechoka.

Hatua ya 1: Pima msingi wako bila simu

Chukua karatasi, weka simu mbali, ufanye hizi: 7 × 8, 18 × 15, 0,4 × 5, 3 ÷ 0,5, 250 ÷ 1000, robo ya 500. Majibu ni 56, 270, 2, 6, 0,25, 125.

Ile ya 3 ÷ 0,5 ndiyo inayowaangusha wengi. Wanaandika 1,5 kwa mazoea kwamba kugawanya lazima kupunguze. Jiulize hivi: nusu ngapi zinaingia ndani ya 3? Sita. Wodini swali hilohilo linakuja kwa sura nyingine: daktari ameagiza miligramu 3, kidonge kimoja kina 0,5, unatoa vidonge vingapi? Kama hapa unayumba, usiende hatua ya pili kwanza. Rudia jedwali la kuzidisha hadi 12, na kuzidisha na kugawanya kwa 10, 100 na 1000, kila jioni mpaka jibu lije bila kufikiri.

Hatua ya 2: Vipimo viandikwe, visikae kichwani

Gramu 1 ni miligramu 1000. Miligramu 1 ni mikrogramu 1000. Lita 1 ni mililita 1000. Ukishuka kwenda kipimo kidogo unazidisha kwa 1000, ukipanda unagawanya. Seftriaksoni kichupa cha gramu 1 na agizo la miligramu 500 ni nusu ya kichupa, hilo halina ubishi. Shida inaanzia kwenye mwandiko: alama ya mikrogramu iliyoandikwa kwa haraka inafanana na mg, na tofauti yake ni mara elfu. Andika «mikrogramu» yote kwa herufi, hata kama mkuu wa zamu anaona unachelewa.

Kipimo cha UI (unité internationale, kipimo cha kimataifa) ni habari nyingine. UI haibadilishwi kuwa miligramu kwa kanuni moja. Kila dawa ina UI zake. Oksitosini ampuli ya kawaida ina UI 10 ndani ya mililita 1. Insulini nyingi zinazopatikana zina UI 100 kwa mililita, na huvutwa kwa bomba la insulini lenye mistari ya UI. Ukiivuta kwa bomba la kawaida unahitaji kugeuza kwenda mililita, na UI 8 zinakuwa 0,08, kiasi ambacho jicho haliwezi kukisoma vizuri. Tafuta bomba linalofaa. Na hata ukilipata, soma kama limeandikwa 100 au 40, ulinganishe na kichupa chako.

Kijiko cha chai cha dawa ni mililita 5. Vijiko vya jikoni havilingani. Mpe mama kifuniko chenye mistari au bomba lisilo na sindano, umchoree mstari kwa kalamu mahali dawa inapofika.

Hatua ya 3: Koma na nukta

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi wa Kivu tuko mahali pabaya kwa jambo hili. Shuleni tunafundishwa kwa Kifaransa, na nusu tunaiandika 0,5 kwa koma. Dawa nyingi kabatini zimetoka India, au zimepitia Kenya, Uganda na Rwanda, na maandishi yake ni ya Kiingereza. Huko nusu ni 0.5 kwa nukta, na koma inatenga maelfu. Kwa hiyo kasha lenye «1,000 mg» linasema miligramu elfu moja. Mwanafunzi aliyezoea mtindo wetu anaweza kulisoma moja. Vilevile «2,400,000 IU» kwenye penisilini ni milioni 2,4, na hiyo IU ni ileile UI yetu.

Simu inaongeza utata. Kalkuleta ya simu iliyowekwa Kiingereza inaonyesha 1,250 ikimaanisha elfu moja mia mbili hamsini. Iliyowekwa Kifaransa inaweza kuonyesha 1,25 kwa moja na robo. Kabla ya kuitegemea, ifanyie jaribio: gawanya 1 kwa 2, uone inaandika nini.

Mimi nawafundisha wanafunzi kanuni tatu za mwandiko, na sizilegezi:

Weka sufuri mbele ya koma. Andika 0,5, usiandike ,5, maana koma ikififia inabaki 5, mara kumi zaidi.

Usiweke sufuri isiyo na kazi nyuma. Andika 5 mg, usiandike 5,0 mg, maana koma isipoonekana inasomeka 50.

Maelfu yatenge kwa nafasi, si kwa koma wala nukta: 1 000. Mamilioni andika kwa neno: milioni 1,2.

Hatua ya 4: Kutoka kilo ya mtoto hadi mililita ndani ya bomba

Hii ndiyo hesabu utakayoifanya kila siku. Ina maswali matatu, na kila moja liwe na mstari wake kwenye karatasi: mgonjwa anahitaji miligramu ngapi? Dawa yangu ina miligramu ngapi kwa mililita moja? Basi ni mililita ngapi?

Kanuni ya tatu unaijua tayari. Kila anayebadilisha dola kuwa faranga sokoni Kadutu anaitumia: unajua dola moja ni faranga ngapi, unatafuta dola saba ni ngapi. Dawa ni vilevile, ila miligramu ziko upande mmoja na mililita upande wa pili.

Chukua mtoto wa kilo 8 mwenye homa, parasetamoli miligramu 15 kwa kilo.

Anahitaji: 15 × 8 = 120 mg.
Chupa imeandikwa 120 mg kwa 5 ml, yaani 24 mg kwa 1 ml.
120 ÷ 24 = 5 ml.

Kesho yake stoku imebadilika, chupa iliyopo ni ya 250 mg kwa 5 ml, yaani 50 mg kwa 1 ml. Mtoto yuleyule, homa ileile: 120 ÷ 50 = 2,4 ml. Kama umeshamzoesha mama «kijiko kimoja», sasa mtoto anapata 250 mg, zaidi ya mara mbili ya dozi yake, na anazipata kila baada ya saa sita. Kwa hiyo usikariri mililita. Kariri miligramu kwa kilo, na mililita uzitafute upya kila unaposhika chupa.

Kabla ya kuhesabu, kadiria. Mtoto wa kilo 6 ameandikiwa jentamisini 45 mg, na ampuli ina 80 mg ndani ya 2 ml. Tazama tu: 45 inazidi kidogo nusu ya 80, basi mililita lazima zizidi kidogo nusu ya 2, yaani moja na kitu. Sasa hesabu: 45 ÷ 40 = 1,125, unavuta 1,1 ml. Ingetoka 11 au 0,11 ungejua mara moja kwamba koma imehama. Kukadiria kunachukua muda mfupi kuliko kufungua ampuli, na kwa maoni yangu ndiko kunakookoa kuliko fomula zote.

Na kuna dalili moja usiipuuze: jibu likikutaka ufungue ampuli nne au tano kwa dozi moja ya mtoto, acha. Ampuli nyingi zimetengenezwa kwa kukadiria mtu mzima.

Artesunati, kwa sababu malaria haiishi

Artesunati ya sindano inastahili mazoezi ya peke yake, maana hesabu yake ina mitego mitatu. Kichupa cha kawaida ni 60 mg ya unga. Unayeyusha kwa 1 ml ya bikabonati inayokuja nayo, kisha unaongeza maji ya chumvi au glukosi 5%: kwa mshipa unaongeza 5 ml, jumla 6 ml, ambayo ni 10 mg kwa ml, kwa msuli unaongeza 2 ml, jumla 3 ml, ambayo ni 20 mg kwa ml. Yapo matoleo mengine yenye kiyeyushi tofauti, kwa hiyo soma karatasi iliyomo ndani ya kasha lako.

Mtoto wa kilo 14: chini ya kilo 20 dozi ni 3 mg kwa kilo. 14 × 3 = 42 mg. Kwa mshipa ni 42 ÷ 10 = 4,2 ml. Kwa msuli ni 42 ÷ 20 = 2,1 ml. Mtego wa kwanza ndio huo: ukichanganya kwa namna ya msuli na kuvuta mililita za mshipa, umempa dozi mbili. Kwenye kichupa bandika plasta uandike «10 mg/ml» au «20 mg/ml» mara unapomaliza kuchanganya. Jedwali lililobandikwa ukutani linaweza kuzungusha 4,2 kwenda namba kamili. Fuata jedwali la kituo, lakini uwe umehesabu mwenyewe ujue limetoka wapi.

Mtego wa pili: kuanzia kilo 20 dozi ni 2,4 mg kwa kilo. Mtoto wa kilo 19 anapata 57 mg, na wa kilo 20 anapata 48 mg. Wanafunzi wakiona mdogo anapata zaidi wanafuta na kuanza upya. Usifute, ni sahihi: kwa dozi ileile ya kilo, dawa hufikia kiwango cha chini zaidi katika damu ya watoto wadogo, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliwapandishia.

Mtego wa tatu ni idadi ya vichupa. Mtu wa kilo 65 anahitaji 156 mg; 156 ÷ 60 = 2,6, kwa hiyo unafungua vichupa 3. Vichupa unavipandisha hadi namba kamili, dozi hupandishi. Unavuta zile 156, na kinachobaki unakitupa.

Hatua ya 5: Matone ya serumu (maji ya mshipani)

Matone kwa dakika = mililita × matone ya mrija kwa ml ÷ dakika.

Mrija wa kawaida wa serumu hutoa matone 20 kwa ml, wa damu mara nyingi 15, na wa watoto wenye matone madogo 60. Namba imeandikwa kwenye mfuko wa mrija. Usiutupe mfuko kabla ya kuusoma.

Lita moja kwa saa nane: 1000 × 20 ÷ 480 = 41,7, yaani matone 42. Kwa mrija wa 20 kuna njia fupi: tafuta mililita kwa saa, gawanya kwa 3. Hapa 125 ÷ 3 ni yaleyale 42. Kwa mrija wa 60, matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa, huna haja ya kugawanya. Ukiwa na saa ya mkononi, hesabu matone ya sekunde 15, zidisha kwa 4, kisha rudi baada ya dakika kumi utazame tena, maana mgonjwa akigeuza mkono mwendo unabadilika. Bandika plasta wima kwenye chupa, uweke mstari kila 125 ml na saa yake pembeni. Hata mlinzi wa mgonjwa ataweza kukuambia kwamba maji yamechelewa.

Kipindupindu kinabadilisha kila kitu, na mtu anayesomea uuguzi kando ya Ziwa Kivu lazima akijue. Mgonjwa aliyekaukiwa sana, mwenye zaidi ya mwaka mmoja, hupewa Ringa laktati mililita 100 kwa kilo: 30 kwa kilo ndani ya dakika 30, kisha 70 kwa kilo ndani ya saa mbili na nusu. Chini ya mwaka mmoja, kiasi ni kilekile lakini muda ni saa 1, kisha saa 5. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hayumo humu, ana mwongozo wake.

Mtoto wa miaka mitatu, kilo 12: 30 × 12 = 360 ml kwa dakika 30, ambayo ni 360 × 20 ÷ 30 = matone 240 kwa dakika. Hayahesabiki kwa macho. Fungua mrija, tazama mistari ya chupa na saa. Kisha 70 × 12 = 840 ml kwa dakika 150: 840 × 20 ÷ 150 = matone 112.

Sasa fanya mtu mzima wa kilo 50: 1500 ml kwa dakika 30, matone 1000 kwa dakika. Namba hiyo yenyewe inakuambia la kufanya: mrija mmoja na sindano nyembamba hautatosha, tafuta sindano nene na mshipa wa pili. Huu ni ujuzi ambao kalkuleta haikupi, kuitazama namba na kuuliza kama inawezekana kitandani.

Hatua ya 6: Asilimia na kuchanganya

Asilimia katika dawa za maji ni gramu ndani ya mililita 100. Glukosi 5% ni gramu 5 ndani ya 100 ml; glukosi 50% ni gramu 50. Unataka 100 ml ya glukosi 10% na una ya 50% tu? 10 × 100 ÷ 50 = 20 ml ya ile kali, ongeza 80 ml ya maji ya sindano.

Magneziamu salfeti 50% ya mama mwenye eklampsia (kifafa cha mimba): ampuli ya 10 ml ina gramu 5, yaani 0,5 g kwa ml. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4: 4 ÷ 0,5 = 8 ml. Inatakiwa iwe 20%, yaani gramu 4 ndani ya 20 ml, kwa hiyo ongeza 12 ml ya maji ya sindano. Hii ifanyie mazoezi nyumbani mpaka 8 na 12 ziwe zako, kwa sababu mama akianza degedege hakuna anayekungoja.

Adrenalini ya 1 kwa 1000 ni 1 mg kwa ml. Ya 1 kwa 10 000 ni 0,1 mg kwa ml.

Klorini: wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini ya 2018 hadi 2020 wengi wetu tulijifunza kunawa kwa ndoo, ila ni wachache kati ya waliochanganya waliojua kwa nini gramu ni zile. Unga wa HTH (unga wa klorini) wa 70% una gramu 70 za klorini katika gramu 100. Maji ya 0,05% ya mikono yanataka 0,5 g kwa lita; 0,5 ÷ 0,7 = 0,71 g ya unga. Ndoo ya lita 20 ni karibu gramu 14. Ya 0,5% ya vifaa na sakafu ni mara kumi, karibu gramu 143 kwa ndoo hiyo. Kosa la koma hapa linachoma ngozi ya watu wote wa wodi.

Hatua ya 7: Saa

Fishi inaandikwa saa za Kifaransa, 4h, 13h, 22h. Mama unaongea naye Kiswahili, na saa zake zinaanza alfajiri. 4h ya fishi ni saa kumi usiku. Ukimwambia «saa nne» umekosea kwa saa sita. Dawa ya kila saa nane, 6h, 14h na 22h, mwambie hivi: «Mama Furaha, mpatie saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku.» Kisha mwombe akurudishie mwenyewe. Kwenye fishi andika 22h tu, usichanganye.

Pumzi za mtoto zihesabu dakika nzima, usizidishe nusu dakika kwa mbili. Haraka ni 60 au zaidi kwa chini ya miezi miwili, 50 kwa miezi 2 hadi 11, 40 kwa mwaka 1 hadi 5.

Hatua ya 8: Mwombe mwenzako ahesabu, usimwonyeshe jibu

Ukimwambia «nimepata 4,2, ni sawa?» atasema sawa. Mpe kilo, agizo na kichupa, umwache apate lake. Hata mkubwa wako mwombe: «Mama Titulaire, naomba unihesabie hii na wewe, kisha tulinganishe.» Titulaire (muuguzi mkuu wa kituo) mzuri hatakasirika. Namba zikitofautiana, wote wawili mnaanza upya kutoka kwenye mizani, maana mara nyingine kosa liko kwenye uzito wenyewe: mtoto alipimwa na nguo na bibi yake amemshika mkono.

Mazoezi

1. Kilo 11, parasetamoli 15 mg kwa kilo, chupa ya 120 mg kwa 5 ml. Mililita ngapi?
2. Mtu mzima wa kilo 60, artesunati ya mshipani. Miligramu, mililita, vichupa?
3. 500 ml kwa saa 4, mrija wa 20. Matone?
4. Jentamisini 60 mg, ampuli ya 80 mg kwa 2 ml. Mililita ngapi?
5. Unataka 50 ml ya glukosi 10% kutoka ya 50%. Unachanganyaje?
6. HTH 70%, lita 10 za maji ya 0,5%. Gramu ngapi?
7. Lita moja imeanza 10h, mrija wa 20, iishe kwa saa 6. Matone mangapi, na utamwambia mama iishe saa ngapi?

Majibu: (1) 165 mg, 6,9 ml. (2) 144 mg, 14,4 ml, vichupa 3. (3) 42. (4) 1,5 ml. (5) 10 ml ya ile kali na 40 ml ya maji. (6) Karibu 71 g. (7) Matone 56, saa kumi alasiri.